Kugeuza Sehemu Kuwa Desimali
(Somo la Hesabu kwa Redio, kwa Madarasa ya Watu Wazima)

Haya, vuteni viti karibu. Mwenye daftari alifungue, mwenye kalamu aiweke tayari, na mama mwenye mtoto ampakate upande asioandikia. Somo hili limepigwa chapa ili aliyelikosa redioni alisome, na aliyelisikia alirudie polepole nyumbani. Mahali palipoandikwa (Kituo), kiongozi wa darasa asimamishe kusoma mpaka kila mtu awe ameandika.

Leo tutajifunza namna ya kugeuza sehemu kuwa desimali. Najua baadhi yenu watasema, "Mimi ni mtu mzima, nauza maandazi. Desimali zina kazi gani kwangu?" Jibu la swali hilo liko buchani.

Zamani muuza nyama alikuwa na mizani ya mawe. Upande mmoja aliweka jiwe la kilo, au la nusu, au la robo, na upande wa pili akaweka nyama. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuona mkono wa mizani umelala upande gani. Siku hizi, katika maduka mengi ya barabara ya Morogoro na Shekilango, mizani ni ya umeme. Ina kioo kidogo, na juu ya kioo zinawaka namba. Wewe unasema, "Nipimie robo tatu." Lakini mizani ile haijui kusema robo tatu. Inasema 0.750. Mdomo wako unasema kwa sehemu, na kioo kinajibu kwa desimali. Asiyeweza kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine hununua huku amefumba macho.

Basi nawaulizeni swali, nanyi mliweke moyoni mpaka tutakapolirudia. Umeomba robo tatu ya kilo. Kioo kinasema 0.705. Tarakimu ya saba ipo, na ya tano ipo. Je, umepata robo tatu yako?

(Kituo)

Tuanze na jambo mnalolijua. Sehemu huandikwa kwa namba mbili na mstari katikati. Robo tatu huandikwa 3/4. Namba ya chini, yaani 4, huitwa asili. Inatueleza kwamba kitu kizima kimekatwa vipande vinne vilivyo sawa. Namba ya juu, yaani 3, huitwa kiasi. Inatueleza tumechukua vipande vingapi. Kiswahili chetu kina majina mazuri ya sehemu hizi: nusu, theluthi, robo, humusi ambayo ni sehemu ya tano, thumni ambayo ni sehemu ya nane, na ushuri ambayo ni sehemu ya kumi. Mengine yamesahaulika kidogo, lakini wazee wanayajua. Na sokoni kwetu Dar es Salaam hatusemi sana thumni ya kilo. Tunasema "nusu robo". Ni kitu kile kile.

Shikeni hilo la mwisho, yaani ushuri, maana desimali si kitu kingine ila hesabu ya ushuri. Desimali ni sehemu ambayo asili yake ni 10, au 100, au 1,000, na kuendelea. Kwa kuwa asili hizo zinajulikana, hatuna haja ya kuziandika. Tunaweka nukta tu, na mahali pa tarakimu panatueleza. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni sehemu za kumi. Ya pili ni sehemu za mia. Ya tatu ni sehemu za elfu. Kila hatua ni ushuri wa hatua iliyotangulia.

Kwa hiyo 0.7 ni 7/10. Na 0.07 ni 7/100. Tarakimu ni ile ile saba, lakini ya pili imesogea hatua moja kuelekea kulia, nayo imekuwa ndogo mara kumi. Tazameni sifuri iliyo kati ya nukta na saba. Inalinda kiti cha sehemu za kumi, kwamba hapa hakuna mtu. Ukiifuta, saba itakalia kiti kisicho chake.

Sasa, njia ya kugeuza. Ni moja tu: gawanya kiasi kwa asili. Namba ya juu igawanywe kwa namba ya chini. Wengi huogopa hapa, kwa sababu walifundishwa kwamba nne haiingii katika tatu. Ni kweli haiingii. Lakini fikirini fedha.

Tuseme watu wanne wamefanya kibarua cha kushusha mzigo, nao wamelipwa noti tatu za shilingi 10,000. Noti tatu, watu wanne. Hakuna anayeweza kupewa noti nzima. Je, wataacha kugawana? Hata kidogo! Watakwenda dukani kuvunja. Noti tatu za elfu kumi zikivunjwa zinakuwa noti 30 za elfu moja. Gawa kwa watu wanne: kila mtu anapata noti 7, jumla 28, zinabaki 2. Zile mbili nazo zinavunjwa kuwa sarafu za shilingi mia: ni sarafu 20. Gawa kwa wanne: kila mtu anapata 5, na hakibaki kitu. Kila mtu ameondoka na elfu saba na mia tano.

Sasa tuandike walichofanya watu wale. Noti nzima kwa kila mtu ni sifuri. Andika 0, kisha weka nukta. Vipande vya kwanza, yaani sehemu za kumi za noti ile kubwa, ni 7. Vipande vya pili, yaani sehemu za mia, ni 5. Tumepata

3/4 = 0.75

Kila unapoongeza sifuri katika kugawanya, unavunja noti. Ndiyo siri yote.

(Kituo. Wanafunzi waandike 3 ÷ 4 na kufuata hatua zile kwa kalamu.)

Tufanye nyingine, ngumu kidogo: 3/8. Noti ni zile zile tatu, lakini sasa watu ni wanane. Andika 0 na nukta. Vunja 3 kuwa 30. Nane katika 30 ni mara 3, yaani 24, zinabaki 6. Andika 3. Vunja 6 kuwa 60. Nane katika 60 ni mara 7, yaani 56, zinabaki 4. Andika 7. Vunja 4 kuwa 40. Nane katika 40 ni mara 5 kamili. Andika 5. Basi 3/8 ni 0.375, na kila mtu amepata shilingi 3,750.

Kwa njia hiyo hiyo mtaona kwamba nusu ni 0.5, robo ni 0.25, na nusu robo ni 0.125. Ninawasihi mzishike hizi tatu kwa kichwa, pamoja na ile robo tatu ya 0.75, kama mnavyoshika namba ya simu ya mwanao. Buchani hakuna nafasi ya kutoa daftari.

Sasa turudi kwenye kioo. Umeomba robo tatu, yaani 0.75. Mizani inaonyesha tarakimu tatu baada ya nukta, kwa hiyo nawe ongeza sifuri mwishoni: 0.750. Sifuri ya mwisho haiongezi wala haipunguzi kitu, 0.75 na 0.750 ni mamoja. Lakini kioo kinasema 0.705. Sehemu za kumi ni 7, sawa na zetu. Sehemu za mia ni 0, na zetu ni 5. Hapo ndipo ilipokimbilia nyama yako! Ile tano imesukumwa mpaka kwenye kiti cha sehemu za elfu. Toa 0.705 katika 0.750, inabaki 0.045 ya kilo, ambayo ni gramu 45.

Gramu 45 ni kidogo, mtasema. Tuseme kilo ni shilingi 12,000. Robo tatu ni shilingi 9,000, nawe ndizo ulizotoa. Nyama uliyopewa ni 0.705 mara 12,000, yaani shilingi 8,460. Umeacha dukani shilingi 540. Ukinunua hivyo mara mbili kwa juma, piga hesabu ya mwezi mwenyewe.

Nisiwadhulumu wauza nyama, maana wengi ni watu waaminifu, na kukata kipande cha nyama kiwe na uzito kamili ni kazi ngumu. Mkono wa mtu hauna namba. Mwuzaji mwema atakata 0.705 na kukutoza 0.705. Ugomvi uko kwa yule anayekata 0.705 na kutamka "robo tatu". Kwake huyo huhitaji kelele. Unasema tu, "Mwanangu, hiyo bado haijafika sifuri nukta saba tano. Niongezee kidogo." Ataongeza, maana amejua kwamba unasoma. Na kabla ya hapo, hakikisha kioo kinaonyesha sifuri tupu nyama isipokuwepo, na uitazame stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani. Hesabu yako ikiwa sahihi na mizani ikiwa mbovu, bado umeibiwa.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata watu waliosoma. Ipi kubwa, 0.5 au 0.45? Wengi hujibu haraka kwamba ni 0.45, kwa sababu arobaini na tano ni kubwa kuliko tano. Ni kosa. Zipe zote tarakimu sawa: 0.50 na 0.45. Sasa inaonekana. Nusu ni sehemu hamsini za mia, na ile nyingine ni arobaini na tano tu. Ndiyo maana ninapenda msome desimali tarakimu moja moja, "sifuri nukta nne tano", wala si "sifuri nukta arobaini na tano". Ulimi ukizoea vibaya, jicho nalo hufuata. Kadhalika kwenye mita ya umeme ya LUKU: 3.08 si tatu na sehemu nane za kumi. Ni tatu na sehemu nane za mia, yaani ni tatu na kitu kidogo sana. Aliyeisoma kama 3.8 atashangaa taa zikizimika kabla ya wakati aliouhesabu.

(Kituo)

Nchi yetu yenyewe iliwahi kupita katika hesabu hii, tena watu wote kwa pamoja. Wakati wa utawala wa Wajerumani, rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 serikali ile iliacha mpango huo, ikaamua kwamba rupia moja iwe na heller 100. Kutoka kwenye heller hiyo tumepata neno letu la "hela". Neno "pesa" ni la zamani zaidi, lilitoka India. Mataifa yale yameondoka, sarafu zao ziko makumbusho, na majina yamebaki mifukoni mwetu.

Sasa mfikirieni mtu wa mwaka ule. Aliyekuwa na robo rupia alikuwa na pesa 16 kati ya 64. Katika hesabu mpya robo ni 0.25, yaani heller 25. Hakupoteza kitu. Mwenye nusu rupia, pesa 32, alipata heller 50. Naye alikuwa salama. Lakini aliyekuwa na pesa moja tu mkononi? Pesa moja ni 1/64 ya rupia. Gawanya 1 kwa 64, utapata 0.015625. Ni heller moja na nusu na chembe juu yake. Hakuna sarafu ya kiasi hicho duniani. Katika mabadiliko ya namna hii mwenye robo na nusu hapati tabu. Anayeumia ni mwenye kipande kidogo, maana kipande chake hakiangukii mahali penye namba kamili, na hapo mtu mwingine humwamulia.

Baadaye, mwaka 1921, ilikuja shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye senti 100, na mwaka 1966 tukapata shilingi yetu wenyewe, nayo ya senti 100. Wazee waliita sarafu ya senti hamsini "thumni". Lakini tumeona kwamba thumni ni sehemu ya nane, na 1/8 ya shilingi ni 0.125, yaani senti kumi na mbili na nusu! Senti hamsini ni nusu ya shilingi. Jina lilitoka kwenye fedha za kale, likaganda kwenye sarafu mpya. Kwa hiyo msihesabu kwa jina la kitu, hesabuni kwa namba yake.

Tumefika mahali ambapo nataka mchelewe kidogo. Mpaka sasa kila tulipovunja noti, mwisho wake hakikubaki kitu. Je, ni hivyo siku zote?

Chukueni theluthi, 1/3. Noti moja ya elfu kumi, watu watatu. Vunja: noti 10 za elfu. Kila mtu 3, inabaki 1. Vunja hiyo: sarafu 10 za mia. Kila mtu 3, inabaki 1. Vunja tena: vipande 10 vya shilingi kumi. Kila mtu 3, kinabaki 1. Mnaona? Mngeweza kukaa hapo mpaka alfajiri. 1/3 ni 0.3333 bila mwisho. Hukukosea popote, ndivyo sehemu hiyo ilivyo. Sababu yake ni kwamba sisi tunavunja kwa kumi, na kumi imeumbwa kwa 2 na 5 tu. Asili iliyoumbwa kwa 2 na 5, kama 4, 8, 20 au hata ile 64, itakwisha, ijapokuwa kwa safari ndefu. Asili yenye 3 au 7 ndani yake haitakwisha, isipokuwa sehemu ile ikipungua kwanza. Kwa mfano 3/6 ni nusu tu, nayo inakwisha vizuri. Kwa hiyo punguza sehemu kabla ya kugawanya.

Katika shughuli za dunia hii inatupasa tukate mahali fulani. Na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Tuseme akina mama watatu wa Ubungo Kisiwani wamechanga sawasawa, wakanunua mfuko wa sukari wa kilo 50. Mmoja wao, aliyewahi kusoma kidogo, anasema, "Theluthi ni 0.33." Anazidisha 50 kwa 0.33, anapata 16.5. Kila mmoja anapimiwa kilo 16 na nusu. Jumla ya watatu ni 49.5. Nusu kilo ya sukari imebaki mfukoni, haina mwenyewe! Naye aliyeshika mizani ndiye atakayeulizwa, ingawa hakuiba. Urafiki wa miaka kumi huweza kuvunjika kwa nusu kilo ya sukari.

Kosa lilikuwa wapi? Alikata desimali mapema mno, kisha akaizidisha kwa namba kubwa, na kile kidogo alichokitupa nacho kikazidishwa. Angetumia 0.333, kila mmoja angepata 16.65, jumla 49.95, na zingebaki gramu 50. Ni afadhali. Lakini lililo bora ni kugawanya ile 50 yenyewe kwa 3, na kukata mwishoni. 50 gawanya kwa 3 ni 16.666 na kuendelea. Kwenye kioo pima 16.667 kwa wawili na 16.666 kwa mmoja, na mfuko umekwisha. Gramu ile moja hakuna atakayeilalamikia.

(Kituo. Darasa lijadili: je, kuna mtu aliyewahi kuona mgawanyo wa namna hii, wa nafaka au wa fedha za mchezo?)

Mfano wa mwisho ni wa maji. Mita ya maji huhesabu kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Ndoo kubwa tunazobeba ni za lita 20. Ndoo moja ni sehemu gani ya uniti? Ni 20/1000. Punguza kwa kumi, ni 2/100. Asili ni mia, basi tarakimu 2 inakaa kiti cha pili: 0.02. Uniti moja ina ndoo 50. Ukiandika 0.2 kwa haraka, umejiandikia ndoo kumi badala ya moja. Na wewe uliye mpangaji unayenunua maji kwa jirani kwa ndoo, sasa unaweza kuuliza bei yake ya uniti moja, ukaizidisha kwa 0.02, ukajua ndoo ile inamgharimu kiasi gani. Simaanishi kwamba asipate faida. Amelipa bomba, amelipa mita, na koki ni yake. Namaanisha kwamba mkikaa kupatana, nanyi mpatane nyote mkiwa na namba.

Neno dogo kwa makarani na madereva wa malori ya Kongo wanaopita hapa Ubungo. Sisi tunatumia nukta kwa desimali, na mkato kutenga maelfu. Wenzetu wanaoandika kwa Kifaransa hutumia mkato kwa desimali. Karatasi ya huko ikisema 2,500 huenda ni mbili na nusu, wala si elfu mbili na mia tano. Uliza kabla hujapakia.

Sasa kazi ya nyumbani. Kwanza, geuzeni kuwa desimali 1/5, 5/8 na 7/20. Pili, duka moja linakupa 5/8 ya kilo ya maharage kwa bei fulani. Duka la pili, kwa bei ile ile, linakupa maharage ambayo kioo kinasema 0.6. Utanunua wapi? Tatu, nyumba moja imechota ndoo 35 za lita 20. Mita yao imesogea kiasi gani? Fanyeni kwa kalamu kwanza, na yule mwenye simu aifiche mpaka mwisho.

Majibu, kwa ajili ya kiongozi wa darasa: la kwanza, 0.2, 0.625 na 0.35. La pili, duka la kwanza, kwa kuwa 0.625 inazidi 0.600 kwa gramu 25. La tatu, 0.7 ya uniti. Juma lijalo tutajifunza asilimia, nanyi mtaona kwamba nusu ya somo hilo mmekwisha kulijua leo. Kwaherini.